Kuunganishwa kifundo cha mguu baada ya kile bandia kuharibika: matayarisho ya mtu wa Amu

Kila wiki kuna mtu akija kununua mahamri ataniuliza, "Mwanangu, mguu huu walikufanya nini hata sasa watembea?" na nikimueleza ataniambia kuna dadake au mamake ana shida hio hio, nimpigie simu nimueleze na yeye. Basi naandika mara moja kwa urefu, anaetaka asome.

Mimi si daktari, mimi nakaanga mahamri Mkomani, hapa Amu (Lamu), lakini mguu wangu wa kulia umepita thieta mara tatu. Mara ya kwanza niliteleza ngazi za jeti, pale vyombo vinapofunga, nikavunjika kifundo, mara ya pili baada ya miaka ya maumivu kakangu alioko Muscat alinilipia nikaenda India nikawekwa kifundo bandia, mara ya tatu kile bandia kimeharibika kikatolewa Nairobi na mifupa ikaunganishwa iwe kitu kimoja. Hii ya tatu ndio ntaeleza. Opresheni yenyewe ni masaa kadhaa na wewe umelala. Kazi iko kwa ile miezi mitatu ya kutokanyaga, na nyumba zetu na mashua zetu hazikujengwa kwa mtu wa mguu mmoja, kwa hivo anza kujitayarisha hapa hapa nyumbani kabla hujakata tikiti.

Jua kwanza kama kweli kimeharibika

Kifundo bandia ni vipande viwili vya chuma na plastiki ngumu katikati. Kimoja hukaa mwisho wa mfupa wa muundi, cha pili hukaa juu ya talasi, ule mfupa ulioko baina ya muundi na kisigino, na hapo katikati ndipo panapoteleza mguu ukakunja. Vya mwanzo viliwekwa miaka ya 1970 na vingi havikudumu, vya siku hizi ni bora na wako watu wanakaa navyo miaka kumi na kuzidi, lakini vyengine hulegea mapema. Chuma kinaachana na mfupa, ama plastiki inalika na ule unga wake unasababisha mfupa kuliwa mpaka unabaki na mashimo, ama kipande cha chini kinadidimia ndani ya talasi, ama vijidudu vinaingia.

Changu kilienda miaka sita. Dalili ya kwanza sikuijua kama ni dalili, niliona ndara ya kulia inalika upande wa nje tu, nanunua mpya, baada ya mwezi mmoja imelika tena pale pale. Halafu hatua za kwanza nikiamka alfajiri zikawa zinauma kama kisu, nikitembea kidogo yanapungua, jioni mguu umefura. Nilienda hospitali moja, siitaji, nikaambiwa ni umri na ni kusimama sana, nikapewa vidonge. Nikapoteza miezi minane hapo, na hio miezi minane talasi ilikua inaliwa tu ndani kwa ndani. Inaniuma mpaka leo, ndio maana nakwambia: ukiwa na kifundo bandia na maumivu mapya yamekuja, ama mguu umeanza kulala upande, usikubali kurudishwa nyumbani na vidonge peke yake. Omba eksirei ukiwa umesimama, na uende na zile eksirei za zamani ulizopewa baada ya kuwekewa, manake daktari anatazama mpya na ya zamani pamoja ndio anaona chuma kimesogea kiasi gani. Baada yake kwa kawaida utapelekwa siti skani waone mashimo ya mfupa, na damu ipimwe kama kuna vijidudu.

Jambo moja wengi hukosea. Wakishuku kuna vijidudu watataka kuvuta maji ya ndani ya kifundo kwa sindano wayapeleke maabara. Usiende duka la dawa ukanunua antibayotiki kabla ya hio sindano, kwa sababu dawa yaweza kuwaficha vijidudu maabara isione kitu, na wewe ukafunguliwa mguu kwa mpango usio sawa. Lakini mguu ukiwa moto, mwekundu, unatoa usaha, ama una homa na kutetemeka, usingojee miadi ya kliniki, nenda siku hio hio.

Watafanya nini hasa

Kuunganisha kifundo ni opresheni ya zamani. John Charnley, daktari wa Uingereza, aliandika 1951 jinsi ya kubana mifupa kwa vyuma mpaka ishikane, na msingi ni huo hadi leo. Wanakwangua pande zote mbili mpaka wafike mfupa mbichi unaotoa damu, wanazibananisha, wanazishika zisitikisike, na mwili wenyewe unajenga mfupa katikati mpaka ziwe moja.

Tafauti yetu sisi tuliokua na kifundo bandia ni shimo. Wakitoa vile vyuma panabaki uwazi mkubwa, na mfupa uliozunguka ni dhaifu. Fikiria ukuta wa nyumba ya kale limeng'oka jiwe kubwa la katikati, huwezi kupaka chokaa juu ukasema umemaliza, lazima utafute jiwe la kujaza. Kwa mguu hilo jiwe laweza kuwa mfupa wako mwenyewe unaokatwa kwenye nyonga, ama mfupa wa mtu mwengine uliohifadhiwa, na kuna nchi wanatengeneza kizimba cha chuma cha kipimo chako kwa mashine. Ndani ya Kenya mimi nilipewa ya nyonga. Halafu pote panashikwa kwa pleti na skrubu, ama kwa msumari mrefu wa chuma unaoingizwa kutoka chini ya kisigino ukapanda mpaka ndani ya muundi, ama kwa fremu ya nje yenye pete na waya, ile iliyobuniwa na Ilizarov kule Siberia.

Kama talasi imebaki nzuri huenda wakaunganisha kiungo kimoja tu. Kama imeliwa, kama yangu, wanaunganisha na kile cha chini yake, talasi na kisigino, na hapo hata kule kugeuza mguu kushoto na kulia kunaondoka. Na kukiwa na vijidudu kazi huwa mara mbili: kwanza vyuma vinatolewa, panawekwa simenti yenye dawa, unapigwa antibayotiki wiki kadhaa, aghalabu kama sita, ndipo urudi kuunganishwa. Ukiambiwa hivo usidhani wanakuzungusha.

Maswali nilioyabeba kwa karatasi, na wewe yabebe: viungo vingapi vitaunganishwa, mfupa wa kujaza utatoka wapi, yeye mwenyewe ameshafanya ngapi za aina hii ya baada ya kifundo bandia (sio za kifundo cha kawaida, hizi ni ngumu zaidi na hushindwa kushikana mara nyingi zaidi), je kubadilisha na kuweka bandia nyengine inawezekana kwangu, mguu utakua mfupi kiasi gani, na mifupa ikikataa kushikana mpango wa pili ni upi. Mimi niliuliza na la mwisho kabisa, kama kuna uwezekano wa kukatwa mguu. Moyo ulinidunda kulitamka. Daktari alikaa chini akanijibu kwa upole kwamba ndio, ni njia ya mwisho, na mtu akishafanyiwa opresheni nyingi na vijidudu havitoki wengine huichagua wenyewe. Bora kulisikia kwa mdomo wa daktari ukiwa umekaa na ndugu yako kuliko kulisikia barazani.

Pesa. Tangu Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya serikali, haiko tena, ni SHA. Hakikisha michango yako iko sawa mapema na uende ofisi ya hospitali waombe kibali kabla ya siku ya opresheni, na uandikiwe kwa mistari kitu gani unalipa mwenyewe, hasa vyuma, manake vyuma ndio huwa na bei ya kushtua watu. Sisi tulichanga kwenye grupu ya familia, lakini mchango uliitishwa mara moja tu, na karatasi ya bei mkononi, watu wakaona na wakatoa.

Mwili wako kabla ya kwenda

Sigara, shisha, ugoro, acha. Nikotini inabana mishipa ya damu na mfupa hauungani vizuri, na madaktari wengine hawakuingizi thieta kabisa mpaka uache wiki kadhaa. Sukari iwe imeshuka na imekaa. Omba upimwe vitamini D, na sisi wanawake wa buibui tusijidanganye kwamba jua la Amu linatutosha, mimi yangu ilipatikana chini nikapewa dawa wiki nane. Kula samaki, mayai, maharagwe, dagaa na miba yake. Diklofenaki na brufen madaktari wengi hawazipendi wakati mfupa unaungana, kwa hivo uliza utumie nini badala yake, usijinunulie.

Na jifunze magongo kabla. Hili hakuna alieniambia, nililiona mwenyewe kwa mgonjwa mwenzangu wodini aliekua amefanya mazoezi mwezi mzima nyumbani kwake, siku ya pili anaenda choo peke yake na mimi nalia. Nunua magongo yako wiki nne mbele, yarekebishwe urefu na mtu wa fizio, na utembee kwa mguu mmoja ndani ya nyumba kila siku mpaka mikono ipate nguvu. Nunua na ile mipira ya chini ya akiba, mawe ya vichochoro vyetu yanaimaliza haraka na gongo lenye mpira ulioisha huteleza kama sabuni.

Nyumba

Hesabu ngazi zako. Zangu ni kumi na tisa na hakuna mbili zinazolingana urefu, nyumba za kale ndivyo zilivyo. Mtu wa magongo haziwezi. Kama una ndugu mwenye chumba cha chini hamia huko mapema, weka kitanda, weka simu, weka birika la chai, jifunze chumba ukiwa mzima. Mimi nilihamia kwa khaloo, mamake mdogo wa watoto wote mtaani kwetu, chumba cha nyuma ya daka. Alinitazama akaniambia, "Wewe njoo tu mwanangu, kitanda ki hapa na mimi ni hapa." Allah amlipe.

Kama lazima upande juu, panda kwa makalio. Kaa ngazi ya chini ukipa mgongo juu, mguu wa opresheni umeunyoosha mbele hewani, unasukuma kwa mikono miwili na mguu mzima, ngazi moja moja. Mtu mmoja anakaa chini yako anaukinga ule mguu kwa viganja bila kuuvuta. Kushuka ni vivo hivo. Vaa suruali ndani ya dera, usione haya, utapanda ukiwa umestirika.

Choo ndio mtihani mkubwa. Choo cha kuchuchumaa mtu wa mguu mmoja hawezi, na usijaribu, wanaoanguka wengi huangukia hapo. Mwite seremala akutengezee kiti kizito cha mbao chenye tundu, miguu mipana kisiyumbe, kiwekwe juu ya shimo, na ukutani apige boriti la mkoko kwa urefu wa kiuno la kushikia ukiinuka. La kwangu alilipiga msumari na nikamwambia alining'inie yeye mwenyewe kwanza nione. Kuoga ni kukaa kwenye kiti cha plastiki, mguu umenyooshwa nje ya maji juu ya kibao. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2017 kwa hivo tulitumia ile nailoni ya ndani ya gunia, inafungwa juu ya goti kwa mpira mpana, sio kamba, kamba inakata damu. Plasta ikilowa usiianike juani ukanyamaza, nenda ikabadilishwe, ngozi inaoza humo ndani na kidonda kipya.

Mashua

Hakuna njia ya kufika Amu bila kupanda chombo. Ukija kwa barabara ya Malindi, Garsen, Witu, utaishia Mokowe na uvuke. Ukija kwa ndege utashukia Manda na uvuke. Kwa hivo panga kwa maji.

Maji yakijaa jeti na chombo vinakaribiana na mtu anavuka akiwa amekaa. Maji yakipwa, hasa bamvua, ule mwezi mpya na mwezi mpevu, ngazi zinabaki wazi zina mwani na ukoga, mtu mzima wa miguu miwili anateleza, nilivunjika hapo mimi. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini, kwa hivo ukijua ya leo waweza kuhesabu ya siku ya safari yako, ama muulize nahodha yeyote atakwambia kwa kichwa. Mimi nilimuomba daktari asogeze kliniki ya wiki ya sita kwa siku mbili iangukie maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, nikamueleza kwa nini, akakubali bila neno.

Siku ya kurudi tulishuka Manda saa nane na nusu mchana, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mapaja ya kakangu, jua kali, na maji bado yako chini. Vijana wawili wakaja wakasema tumbebe tu mama atafika. Nahodha, mzee mmoja wa Matondoni, akawazuia. "Ngojani. Maji yaja. Nusu saa tu." Tukakaa. Niliyatazama yakipanda kwenye nguzo, ngazi ya kwanza ikafunikwa, ya pili ikafunikwa, chombo kikawa kinainuka nacho mpaka ubavu wake ukalingana na pale miguu yangu ilipo. Ndipo akasema haya, dada, sasa. Walikiinua kiti na mimi ndani yake, wawili jeti, wawili chomboni, na yeye ameshika pondo chombo kisiende, nikapita kama sinia ya pilau. Sikuguswa mguu. Basi fanya hivo: kiti, watu wanne, mmoja anaeshika chombo, na subira ya maji.

Plasta ikiwa mpya kabisa na utapanda ndege mwambie daktari, kwa sababu mguu hufura na wenye ndege huenda wakataka plasta ipasuliwe upande. Na muulize kuhusu damu kuganda, mtu asiyetembea damu yake ya mguu yaweza kuganda, ndio nikapewa sindano za tumbo za kila siku na nikaambiwa nichezeshe vidole njiani. Shavu la mguu, ile nyama ya nyuma ya muundi, likivimba na kuuma, ama ukakosa pumzi ghafla na kifua kuuma, hio ni hospitali sasa hivi.

Kutoka jeti mpaka nyumbani mkokoteni wa hamali uliotandikwa godoro ni bora kuliko punda. Kumpanda na kumshuka punda na mguu wa plasta sikushauri hata akiwa mpole vipi.

Usiku wa kwanza na wiki za kungoja

Watakupiga ganzi ya mguu na utaamka hausikii chochote, unafurahi, unasema kumbe si kitu. Ganzi inatoka baadae, mara nyingi usiku, na inatoka kwa kishindo. Meza dawa za maumivu kabla haijatoka, kwa saa ulizopangiwa, usingoje uanze kuuma. Kwangu nyonga walipokata mfupa iliniuma kuliko mguu siku nne za mwanzo, kila nikikohoa.

Nyumbani sheria ni mbili. Mguu juu ya moyo, sio juu ya kigoda, juu ya moyo, yani umelala na mito mitatu, muda mwingi wa siku hizo wiki mbili za mwanzo, kwa sababu kidonda kilichofura hakifungi. Na usikanyage. Nyuzi hutolewa kama wiki ya pili, plasta inabadilishwa, eksirei ya wiki ya sita, na wengi wetu wa baada ya kifundo bandia tunaambiwa tusikanyage mpaka wiki ya kumi au kumi na mbili. Wiki ya tano ndio hatari. Maumivu yamepungua, umechoka kuletewa maji kama mtoto, unasema nitatia kidole tu mpaka mlangoni. Ndani mle mfupa mpya bado ni laini kama unga uliokandwa haujaumuka, na kila ukiutikisa unaanza upya. Mimi nilifunga kitambaa chekundu kwenye gongo, nikiona nakumbuka, na mwanangu mdogo nilimpa kazi ya kunipigia kelele.

Watu watakuja kukujulia hali na kila mmoja na dawa yake. Mafuta ya kuchua, usichue. Kukanda kwa maji moto, la. Kuna waliotaka kunileta mtaalamu wa kuunga mifupa kwa mikono, ni watu wema na wanasaidia wengi, lakini mguu wenye skrubu kumi na vyuma ndani haushikwi na mkono wa kuvuta. Nilikataa kwa adabu na nikawapa chai.

Swala nilisali kwa kitanda na baadae kwa kiti. Kuhusu udhu maalim wetu alinielekeza kupaka maji juu ya plasta na kutayamamu, wewe muulize wako akuelekeze kwa hali yako.

Kama una fremu ya nje, zile tundu za waya zisafishwe kama ulivyoonyeshwa na kwa maji safi yaliyochemshwa, usitumie maji ya bahari hata ukiambiwa chumvi yaua vijidudu.

Kuanza kukanyaga

Usianze kwa hesabu ya kalenda yako, anza kwa neno la daktari baada ya picha. Kwangu eksirei ya wiki ya kumi na mbili haikuonyesha vizuri kwa sababu ya vyuma, wakapiga siti skani, wakaona upande wa mbele umeshikana na wa nyuma bado, nikaongezwa wiki nne. Nililia njia nzima. Lakini wiki ya kumi na sita ulikua umeshikana kote.

Mtu wa fizio alinifundisha kitu kizuri sana: mizani. Unasimama na magongo, mguu mzima chini, ule mwengine ukiwa ndani ya kile kiatu kirefu kigumu unauweka juu ya mizani, unaushusha polepole mpaka isome kilo kumi, unakaa hapo, unausikiliza, unainua. Wiki inayofuata ishirini. Hivo mpaka uzito wote. Bila mizani mtu hajui kilo kumi ni kiasi gani, anadhani anagusa kumbe amekanyaga arubaini. Tulitumia mizani ya bafuni ya jirani.

Maumivu kidogo na kufura jioni ni kawaida, na kufura kwaweza kukaa mwaka. Maumivu yanayozidi kila wiki ukikanyaga, ama mguu kuanza kupinda tena, ni dalili mifupa haijashikana ama skrubu imevunjika, rudi.

Mguu mpya

Kifundo hakikunji tena, na ile sehemu ya mbele ya mguu hukunja kidogo ikasaidia. Kutembea tambarare natembea, watu wasionijua hawatambui. Mchanga laini wa ufuo wa Shela unanichosha, mlima unanichosha, ngazi napanda kwa mguu mzima kwanza na kushuka na huu kwanza. Kuchuchumaa kumekwisha, jiko langu la mahamri nimelipandisha juu ya meza ya saruji na nakaanga nimekaa kwenye stuli. Mguu umekua mfupi kama sentimita mbili.

Kwa hivo kiatu. Ndara za kawaida niliziacha, mguu usiokunja unakwaa kwa mbele. Tafuta kiatu kinachofunga kisigino, chenye soli nene iliyopinda kama tumbo la dau, mbele na nyuma zimeinuka, ili kiatu ndio kikubingirishe badala ya kifundo. Nilimpelekea fundi viatu raba zangu na kipande cha kadibodi cha kipimo, nikamwambia cha kulia aongeze sentimita moja na nusu chini na alichonge soli kwa mbele. Mara ya kwanza aliongeza kisigino tu, nikawa natembea kama nashuka mlima, nikamrudishia, akaongeza soli nzima. Mwambie soli nzima tangu mwanzo.

Viungo vilivyobaki mbele ya kisigino sasa vinabeba kazi ya kifundo na baada ya miaka vyaweza kuchoka, kwa hivo eksirei napiga kila mwaka. Zote, za India na za Nairobi, pamoja na ile kadi ya vyuma vya mwanzo, ziko kwenye bahasha moja ya kaki. Anaetaka kuziona aje baada ya alasiri, asubuhi niko jikoni.